Mdogo Wangu Tuliyegawana na Burundi

Egidius Anselimu alizaliwa Vitongoji, Pemba, tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa pili wa Mwalimu Anselimu, aliyehamia huku kutoka Bukoba baada ya Mapinduzi. Mtoto wa kwanza ni mimi, Skolastika, ninayewasomea wasifu huu wa marehemu. Mama alitutoka mapema, nikamlea mimi.

Alisoma skuli ya msingi hapa hapa Vitongoji, kisha sekondari Chake Chake. Sare zake nilizifua mimi. Nalisema mapema kwa sababu wapo waliokaa mbele hapa wanaodhani mtu huyu alianza kuishi alipofika kwao.

Mwaka 1989 aliajiriwa forodhani, bandari ya Mkoani. Hakufungua mzigo wa mtu kabla hajamjulia hali yeye, wazee wake na mihogo yake. Mwaka 2006 alipelekwa Bujumbura kuwaandaa maofisa wa forodha, Burundi ilipokuwa ikijitayarisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Akawafundisha ushuru wa pamoja, nyaraka, Kiswahili, na salamu zake. Mpakani Kobero malori yakapanga foleni mpaka kilimani, maana kila ofisa alikuwa akimuuliza dereva habari za shangazi yake. Mkubwa wao alipopiga simu kulalamika, Egidius alimjibu, "Haraka ya nini, bwana? Mtu hujamwamkia, utamjuaje kama mwongo?"

Burundi iliingia Julai 2007. Tukadhani sasa atarudi. Akabaki mpaka 2009, forodha ya pamoja ilipoanza kwao, na misimu ya karafuu ikapita nikichuma na vibarua. "Dada, hawa bado wachanga," aliniambia kwa simu. Nikamuuliza, "Na sie huku tushakomaa?" Niliona wivu, na ninauona bado.

Alimwoa Conchesta mwaka 1995, kanisani Wete, wakajaliwa watoto watatu. Wa mwisho alizaliwa 2008, na sote tulijua ataitwa Anselimu, jina la baba yetu. Akaitwa Salvatori, jina la mwanafunzi wake wa Bujumbura. Mimi ubatizo huo sikwenda.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2011. Nilikaa naye hospitalini, yeye akiniuliza redio imesema nini kuhusu Burundi. Alifariki Jumapili, tarehe 17 Novemba 2013, alfajiri, mkono wake nimeushika mimi, si mwengine. Jioni yake Salvatori wa Bujumbura na wenzake wawili wakashuka melini Mkoani. Walikuwa wamekuja kumwona mgonjwa.

Jana waliposhika majembe kuchimba kaburi, niliwazuia. Kaburi la mtu huchimbwa na watu wake. Mzee Vuai, jirani yetu, akaniita pembeni: "Mgeni siku mbili, Bi Skola, ya tatu mpe jembe. Hawa washalishika wenyewe, nawe wawanyang'anya?" Nikawapisha. Salvatori aliinama akaendelea kuchimba, huku analia kwa sauti, kama ninavyolia mimi.

Marehemu ameacha mjane, Conchesta, dada mmoja, na watoto: Adelina, Anatoli, Salvatori mdogo, na Salvatori mkubwa wa Bujumbura. Huyu wa mwisho nilitaka aandikwe chini, pamoja na marafiki. Nimemwandika kwa watoto.

Bwana ampokee mdogo wangu, ampumzishe mahali ambapo hakuna nchi itakayomwita tena.