Mzee Sogeza wa Dirisha la Wageni

Tarehe thelathini mwezi huu, jioni, Mzee Sogeza atalifunga lile dirisha la wageni pale stesheni, atautoa ufunguo mfukoni na kumkabidhi bosi. Miaka thelathini na miwili ameikalia kazi hiyo. Mimi nilimkuta, maana nilipoanza kupika chai ya wafanyakazi yeye tayari alikuwa na kiti chake na ule mto wa bluu wa kukalia, ambao mkewe ameushona na kuushona mpaka sasa ni uzi mtupu, kitambaa kimebaki jina. Wenzangu wameniomba niseme mimi kwa niaba ya wote, na wameniomba nifupishe. Haya, tutaona.

Kazi yake ni wageni. Sio wageni wa kuhamia, hapana, wale wa kupita. Mtu anashuka na treni ya asubuhi, ana siku moja au mbili, begi mgongoni, anataka kuuona mnara, makumbusho, bustani na soko kuu, apige picha zake, arudi kwao akasimulie. Na mji wetu mnaujua wenyewe. Barabara moja ina majina matatu. Basi limeandikwa Soko na sokoni halifiki. Mimi niliyezeekea hapa, wakinishusha upande wa pili wa soko, nauliza njia kama mtoto.

Zamani alikuwa anawapa ramani. Anaikunjua, anachora na kalamu, pita hapa, kata kule. Mgeni anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ahsante sana. Baada ya muda huyo anarudi, jasho linamchuruzika, ramani imelowa kama leso ya mafua. Kuna mke na mume walirudi hawasemezani. Siku yao yote moja waliimalizia kulizunguka ghala la saruji, wakidhani ndiyo makumbusho, na mume alikuwa ameshapiga picha. Mzee Sogeza siku ile hakuigusa chai yangu, na chai yangu mnaijua.

Akaniambia, "Bi Chai, mtu wa siku mbili ataujuaje mji mzima? Haiwezekani. Basi mji ndio umjue yeye."

Nikadhani joto limemwingia kichwani. Kumbe mwenzangu ameshapanga. Wakati huo walikuwa wanabadilisha mapazia ya chumba cha kusubiria, yale ya njano, na bosi alisema yatupwe. Mzee Sogeza akayabeba, mimi nikaleta mkasi wangu wa jikoni, tukayakata vipande vyembamba virefu. Kisha kila akitoka kazini akawa anapita kwa watu wake: fundi viatu wa pale kwenye mzunguko, mama muuza maua wa lango la soko, kondakta wa basi la mjini, mlinzi wa makumbusho. Anawaambia, mkiona kitambaa cha njano kwenye begi, huyo mgeni wangu. Muulizeni anataka wapi, msogezeni kwa mwingine. Lakini ikifika saa tisa msimuulize kitu, msogezeni stesheni, treni za jioni hazina huruma. Ndiyo sheria yenyewe, hakuna nyingine.

Ikafanya kazi, jamani! Mgeni anatoka hapa na kitambaa chake, akifika kwenye mzunguko anaanza kushangaa shangaa, fundi viatu ana misumari mdomoni hawezi kusema, anaonyesha kwa nyundo. Kondakta anamwona, anapiga ubavu wa basi, "Wa Mzee huyo! Msogeze!" Mama wa maua anamshika mkono kabisa, anamvusha barabara kama mwanawe anayekwenda shule. Jina la Sogeza lilitoka hapo. Lile alilopewa na wazazi wake, nadhani mkewe tu ndiye analikumbuka, tena akikasirika.

Bosi ndiye aliyekuwa mgumu. Bosi, usininunie, leo ni sherehe. Yeye alisema dirisha la serikali sio duka la mafundi cherehani. Akamwita ofisini, mimi nikiwa namimina chai, nilisikia yote. "Mgeni mmoja tu," akasema, "mmoja tu akikosa treni kwa sababu ya matambara yako, dirisha nalifunga, na wewe unakwenda stoo kulinda balbu." Mzee Sogeza akajibu, "Sawa, bosi," akatoka. Lakini nilimwona usoni. Mtu anayependa watu vile, umfungie na balbu?

Sasa ndiyo nakuja kwenye siku ya mpira, maana najua mnaisubiri.

Asubuhi ile alishuka bibi mmoja mgeni, mfupi, kofia ya majani, peke yake. Hasikii wala hasemi, anaongea kwa mikono. Alikuwa na siku ile moja tu, jioni apande treni ya kwenda kwenye ndege yake. Mzee Sogeza akaongea naye kwa mikono mpaka wakacheka wote wawili, sijui walichekea nini. Akamfungia kitambaa begini, akamsogeza.

Kumbe siku hiyo hiyo ilikuwa inacheza timu ya ugenini, na rangi yao ni nini? Njano! Mashabiki wamejaa mjini, kitambaa mkononi, kitambaa kichwani, kitambaa kwenye begi. Na wao wageni vile vile, njia hawaijui, wakiambiwa huku wanakwenda huku. Ilipogonga saa tisa, watu wetu wakafanya walivyofundishwa. Kila wa njano, stesheni! Mlinzi wa makumbusho anasogeza. Mama wa maua anasogeza. Kondakta alijaza basi zima, akawapandisha bure, anajiona ametenda jambo la maana.

Nilikuwa nafuta meza nikasikia ngoma. Nikachungulia. Mama yangu! Ukumbi wote njano, huoni sakafu.

Mbele alikuwa mpiga ngoma wao, jitu la miraba minne, amefika dirishani anahema. "Mzee wangu, uwanja uko wapi? Kila tukiuliza tunaletwa hapa!"

"Nani kawaleta?"

"Wote! Hata fundi viatu! Tukimwambia uwanjani, anatuonyesha nyundo!"

Bosi naye akatoka ofisini, tai imekwenda upande. "Sogeza! Hii nini?"

Mzee Sogeza alikuwa amesimama juu ya kiti, juu ya mto wake wa bluu, anaangalia vichwa kimoja kimoja. Akaniambia taratibu, "Bi Chai, bibi yangu hayumo."

Nikamwambia atakuja. Akasema, "Haji. Kama watu wangu wamewaleta wa mpira huku, basi wa mpira wamempeleka bibi yangu kule." Treni ilikuwa imeshaingia, watu wanapakia mizigo, na bosi kasimama hapo hapo mikono kiunoni.

Mzee Sogeza akashuka kitini, akamshika yule jitu begani. "Baba, una mwenzako uwanjani? Mpigie simu. Mwambie amtafute wa njano asiyeimba."

"Mzee, kule wanaimba wote!"

"Ndiyo maana ataonekana."

Jitu likapiga. Tukasogeza masikio wote, ukumbi mzima. Mara sauti ikatoka kwenye simu inapasua masikio: "Yupo! Bibi mwenye kofia! Tumemkalisha mbele kabisa, kaweka viganja juu ya ngoma anaisikia kwa mikono! Msimchukue, anatuletea bahati!"

"Mleteni na basi lenu," Mzee Sogeza akasema, "na basi hilo hilo litawapeleka hawa uwanjani. Mnipe wangu, niwape wenu."

Kungoja kule sikusahau. Mashabiki wakaacha kuimba, wakajipanga pande mbili, njia ikawa wazi toka mlangoni hadi kwenye jukwaa la treni. Honi ya kwanza ya treni ikalia. Mwenye bendera akainua bendera. Na hapo ndipo nilipomwona bosi wetu, huyu huyu, mguu mmoja ndani ya behewa na mwingine nje, kaushika mlango kwa mikono miwili. Mwenye bendera akamwuliza, "Bosi, vipi?" Akajibu, "Nakagua mlango." Alikagua mlango ule, jamani! Hakuna mlango uliowahi kukaguliwa vile.

Mara basi hilo, honi juu ya honi. Bibi akaingia amebebwa mabegani, kofia imepinda, anapunga mikono kama amefunga yeye goli. Wakampitisha juu kwa juu mpaka mlangoni. Kabla hajaingia akakifungua kitambaa chake begini, akamfunga bosi mkononi, akampigapiga shavu. Treni ikaondoka. Ukumbi ulilipuka, mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Na wale mashabiki walikikuta kipindi cha pili, wakashinda.

Stoo ya balbu hatukuisikia tena. Siku iliyofuata bosi aliingia na furushi kwapani, akaliweka dirishani. Pazia la sebuleni kwake, la maua mekundu. Alisema hakuna timu duniani inayovaa pazia la maua. Mkewe alituma salamu ambazo hapa sizisemi. Hadi leo ndilo tunalokata, na siku hizi hata mabaharia wa bandarini na walinzi wa hoteli kubwa wanalijua. Hakuna mgeni wa dirisha letu aliyeachwa na treni tangu hapo, hata mmoja. Nani mwingine anaweza kusimama akasema hivyo?

Sasa anaondoka. Na mnajua anakwenda wapi? Wiki ijayo yeye na mkewe wanapanda treni kwenda kukaa siku tatu kwenye mji mkubwa ambao hawajawahi kuukanyaga. Miaka yote ametembeza watu, mwenyewe hajawahi kuwa mgeni popote. Nikamletea ramani, akakataa. Nikatoa mkasi wangu, nikakata kipande cha pazia la maua, nikamfungia begini. Nikamwambia, "Lakini kule hakuna anayekijua hiki."

Akacheka. "Bi Chai, hata hapa walikuwa hawakijui."

Basi, Mzee Sogeza, ahsante kwa kila mtu uliyemfikisha, na ahsante kwa vikombe vyote ulivyorudisha bila kubakiza. Umewasogeza wengi, sasa zamu yako. Nenda ukatembee, ule vizuri, upotee kidogo, kisha urudi utusimulie. Na nyinyi watu wa mji huo, mkiona mzee na mkewe na kitambaa cha maua begini, hao wetu. Wasogezeni.