Mama Nakala na Picha Laki Nne za Gazeti Letu

Tarehe 30 Juni, baada ya kulitumikia gazeti hili kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili, msimamizi wetu wa hifadhi ya picha anastaafu. Humu ndani anajulikana kama Mama Nakala, na hata mumewe, fundi cherehani, akipiga simu mapokezi humuulizia hivyo hivyo.

Aliajiriwa kusafisha picha katika chumba cha giza, kile cha chini ambacho siku hizi tunatupia viti vibovu. Wakongwe wanakumbuka taa nyekundu, harufu ya dawa iliyong'ang'ania nguo hadi Jumapili, na picha mbichi zikichuruzika maji kambani. Wapiga picha walimwogopa kidogo. Aliinua filamu kwenye mwanga na papo hapo akajua nani alikaa uwanjani dakika tisini na nani alitoroka wakati wa mapumziko.

Zilipokuja kamera za kidijitali, chumba cha giza kilifungwa, naye akapewa meza ya dirishani, kompyuta moja na sanduku la sidii. Mambo yakawa shaghalabaghala. Huyu alihifadhi picha kwenye sidii, yule kwenye kompyuta ya nyumbani, mwingine kwenye droo pamoja na maganda ya karanga. Faili ziliitwa "mpya", "mpya kabisa" na "mpya usifute".

Miaka kumi na sita iliyopita, Jumanne asubuhi, alikuja mzee mmoja seremala. Marehemu mkewe alikuwa mkunga, na gazeti letu lilimpiga picha siku alipoagwa kazini, akicheka, kofia imekaa upande. Kipande cha gazeti alichokitunza mzee kilikuwa kimechakaa kwenye mkunjo, na mkunjo ulipita usoni. Aliomba nakala safi. Mama Nakala aliipata sidii, jalada likiwa na tarehe sahihi, akaitia kwenye kompyuta. Haikufunguka. Alijaribu kompyuta nne, akamwita fundi wetu, akawapelekea na mafundi wa nje. Siku tatu alihangaika nayo. Jalada lilikuwa zima, picha ndani yake imekufa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyempasulia mzee habari hiyo. Mzee hakulalamika. Alikikunja kile kipande chake taratibu, akasema, "Basi, binti yangu. Mimi nilidhani kwenu ndiko kunakotunzwa." Picha ile haijapatikana mpaka leo, na Mama Nakala hajawahi kutuficha kwamba maneno yale yalimkosesha raha.

Wiki hiyohiyo akaanza kuchora mfumo, kwa penseli, nyuma ya kurasa zilizokataliwa na mhariri. Ni mfumo rahisi kueleza na mgumu kutii. Kila picha iwe na nakala tatu: moja kwenye seva ya ofisini, ya pili kwenye diski za kabatini, ya tatu katika jengo jingine kabisa, upande wa pili wa mji. Kila picha iandikiwe ni nani, wapi, lini, na nani aliipiga. Kila faili ipewe alama yake, mfano wa alama ya kidole, ili ikiharibika hata kidogo kompyuta ishtuke kabla yetu. Na kila miaka mitano vyote vihamishiwe diski mpya, za zamani ziwe nzima au zisiwe nzima.

Mhariri mkuu wa wakati huo alimuuliza kama anatunza picha au anafuga sungura, maana kila akigeuka zimezaana. Akajibiwa kwamba wakifa sungura wawili, angalau unabaki na mmoja. Ruhusa ikatoka. Wapiga picha ndio waliokuwa vichwa vigumu. Mmoja aliandika "watu wamekaa" kwenye picha mia mbili. Alirudishiwa zote, akavutiwa kiti na kuletewa chai, akakaa hapo hadi saa kumi na moja jioni. Leo ndiye anayewafundisha wageni.

Halafu, miaka mitatu iliyopita, bomba la ghorofa ya juu lilipasuka mwisho wa wiki. Jumatatu tulikuta seva imelowa, na kabati nalo limelowa. Wengine tulikaa ngazini tumeshika tama. Mama Nakala alisubiri umeme ukatwe, akavua viatu, akaingia kutazama, akatoka na kuomba gari. Alirudi kutoka jengo la pili na masanduku mawili ya diski mapajani. Kufikia Jumatano picha laki nne na elfu kumi na mbili zilikuwa zimerudi, bila kupungua hata moja. Mkutanoni tulimpigia makofi. Yeye akasema anachotaka ni kabati jipya, lisikae chini ya bomba.

Mwezi uliopita alituomba zawadi moja tu ya kuagana: turudishe picha za mwaka mzima kutoka kwenye nakala ya tatu, bila yeye. Alikaa kwenye benchi la koridoni na kikombe chake, mlango wazi, mgongo ametugeuzia. Tulikosea mara mbili. Mara ya pili tulimsikia akikohoa, lakini hakugeuka. Saa nane mchana picha ya mwisho ilifunguka, tukamwita. Alifungua moja hapa, moja pale, bila haraka.

"Kosa lilikuwa wapi, mmeliona wenyewe?"

Tukamwonyesha.

"Basi naweza kwenda," akasema, akaenda kuosha kikombe.

Mama Nakala, tunakushukuru kwa subira, kwa ukali wako wa haki, na kwa kutufundisha kazi hadi tukaiweza. Pumzika sasa, uwafaidi mumeo na wajukuu. Afya iwe nzuri, siku ziwe nyingi, na kila lililo la heri likufuate huko uendako.