Mashine Iliyoelekea Dirisha Lake

Wamama na wababa wa shirika letu, asanteni kunipa nafasi ya kusimulia namna nilivyosimama tena. Minye sikuja na maneno mazuri. Nilisimama tena kwa nguvu ya hasira, na nusu ya hiyo hasira ingali humu ndani.

Mume wangu alipofariki, sikuweza tena kukaa Kalundu. Kelele za bandari, wabeba mizigo wakiitana, kila sauti ilinirudishia yeye. Nikatafuta nyumba pembeni ya mji, upande wa mashamba, kunakosikika mbuzi na upepo tu. Nikapata vyumba viwili. Mwenye nyumba, jina lake nalimeza, aliniahidi kwamba tungekaa miaka mitatu. Hatukuandika kontra, hata karatasi moja ya mapatano. Ndugu zangu, nawaambia, ahadi ya mdomo haina muhuri.

Nyumba ilikuwa gofu. Nilipiga lipu kuta, nilichimba choo kwa mikono hii, nikapanda mboga za lengalenga mpaka barabarani. Watoto wangu watatu wakaanza kucheka tena. Mwaka haujaisha, mwenye nyumba akaja na bwana mmoja wa jeep, aliyetafuta mahali patulivu. Wakaangalia kuta, wakaangalia choo. Juma lililofuata, tukirudi kutoka misa, tulikuta godoro letu na masufuria njiani, kwenye mvua.

"Weye mama, watoto yako iko na kelele," mwenye nyumba akaniambia. "Hapa inatakiwa watu watulivu."

Sikulia. Nilitazama ile lipu yangu, nikaapa atajua kelele ni kitu gani.

Nyuma ya ile nyumba, ng'ambo ya ua, alikaa mama mjane, mzee. Ndiye alitoka kwenye mvua, akaokota masufuria, akatuingiza kwake. Katika kibanda chake kulikuwa na mashine ya kusaga mihogo, ya marehemu mume wake, imekufa siku nyingi. Nilimwita kaka yangu, fundi wa injini za mashua. Alihangaika nayo majuma mawili. Ilipowaka, mama mjane alipiga vigelegele, akaniambia nisage, tule wote. Kaka akauliza bomba la moshi alielekeze wapi. Nikamwonyesha dirisha la chumba changu cha zamani cha kulala, lile nililopaka rangi mwenyewe.

Wamama, munacheka. Minye pia nilicheka. Niliwasha saa kumi na moja alfajiri, hata siku isiyo na mihogo. Bwana wa jeep alihama kabla ya mwezi kuisha. Aliyemfuata alikaa siku tisa. Mwenye nyumba akaenda kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, naye akamwambia mashine ni kazi ya wajane, aiache. Alipokosa mpangaji kabisa, akahamia mwenyewe. Siku hiyo niliwasha mapema zaidi.

Akaja, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaniomba nigeuze bomba tu. Nilimwacha asimame juani, nikasaga gunia zima, ndipo nikamjibu hapana. Ilikuwa tamu, sitawadanganya.

Jioni ile mama mjane hakula. Nilimwita mara mbili, hakusikia, mpaka nikamgusa bega. Ndipo akaniambia, pole pole, kwamba masikio yake yana miezi yakiwa kama yamejaa maji, na kifua kinamwaka kwa ule moshi unaorudishwa na upepo. Alinyamaza kwa sababu aliniona nafurahi.

"Binti yangu," akasema, "hasira yako, minye ndiye iko nalala nayo."

Hapo nililia. Nililia mpaka watoto wakaogopa.

Kesho yake kaka alipandisha bomba juu ya paa. Sasa nawasha saa mbili, jua likiwa juu. Sikufanya hivyo kwa ajili ya yule mwenye nyumba. Angekuwa peke yake pale, ningekuwa nawasha alfajiri mpaka leo. Mihogo yake anasagia kwangu, maana mashine nyingine iko mbali. Anapanga foleni kama wengine. Namsagia unga laini, simuulizi habari za nyumbani.

Neno langu kwenu ni hili: kontra iandikwe, hata na mtu unayesali naye. Na kisasi, kabla hujakielekeza kwa adui, angalia nani analala kati yako naye. Kusamehe, bado. Muniombee, lakini musiniharakishe.

Namshukuru kaka yangu. Namshukuru na mama mjane, yule pale kwenye benchi la mbele. Aliyekaa karibu naye amwambie kwa sauti ya juu, sikioni, kwamba nimesema asante.