Ndege ya Napeyok Iko Chini ya Kufuli

Baba padri, wazee wa Longech, majirani wa Kakuma mliolala njiani ili mfike mapema, na ninyi wageni wa hema la mbele mliotandikiwa viti vitambaa vyeupe na kuwekewa maji ya chupa, familia imemtuma Asekon, kaka wa marehemu, ambaye ndiye anayesimama hapa, awasomee maisha ya dada yake jinsi yalivyokuwa, na imemwonya asilainishe neno lolote.

Mhandisi Philomena Napeyok Lomuria alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Longech, kando ya Ziwa Turkana, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Lomuria, mvuvi, na mama Akai, na alijifunza kuelea kabla ya kujifunza kusoma, juu ya magogo ya mkoma yaliyofungwa kwa kamba, ambayo wavuvi wetu huyapanda kama mashua. Mwaka 1990 mama Akai alifariki kwa uzazi, akiwa amelazwa kwenye kivuli cha ukuta, akingoja gari lililosemekana limeshatoka Lodwar, na Napeyok, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

Alisoma shule ya msingi Kalokol kuanzia 1988 hadi 1995, kisha sekondari ya wasichana hapa Lodwar, 1996 hadi 1999, ambako mwalimu mmoja alimshauri achague ushonaji, naye akachagua fizikia kwa hasira, hasira ambayo haikumtoka mpaka siku ya kufa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Mwaka 2001 alijiunga na chuo kikuu jijini Nairobi, akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 2006, na mwaka huohuo akaajiriwa katika karakana ya ndege za misaada Lokichoggio, akapata leseni ya urubani mwaka 2009, na ndege za misaada zilipopungua akahamia Kakuma mwaka 2011 kufundisha ufundi.

Ni hapo Kakuma alipokutana na Bior, Mjieng, yaani Mdinka, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, fundi wa kuchomelea vyuma, na tarehe 9 Agosti 2014 ng'ombe dume alichomwa mkuki mbele ya wazee wa pande zote mbili, ndoa ikawa ndoa, na wale waliosema Mjieng na Mturkana hawawezi kula chungu kimoja walikula siku ile mpaka wakashindwa kuinuka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Yar, aliyezaliwa 2015, na Prince, aliyezaliwa 2018.

Mwaka 2016 Napeyok alianza kujenga ndege ya kutua majini, katika ua wa nyumba yake Kakuma, mahali ambapo mto wenyewe ni mchanga mwaka karibu wote, na watu wakamwita Mama Nuhu, wengine wakipita tu kumuuliza gharika ni lini, naye akicheka nao na kuwapa chai. Maboya mawili ya ndege ile aliyabuni kwa kufikiria magogo ya baba yake, ila chini yake akayakata ngazi ndogo ili maji yaiachie ndege upesi inapotaka kupaa, akaongeza magurudumu ili iweze kutua Lodwar pia, na mtu akimsifu Bior yeye husema mpaka leo, "Mimi iko choma chuma tu, akili ni ya huyu mama." Jama Abdijabar, mwenye lori wa Kakuma, aliibeba mpaka ziwani, na tarehe 18 Novemba 2022, saa kumi alasiri, kwa kibali cha majaribio, Napeyok mwenyewe akiwa kwenye usukani, iliruka Longech, ikazunguka, ikatua salama, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Tarehe 6 Juni 2023 wakaguzi wa ile ofisi ya serikali inayotoa vibali vya ndege walifika ziwani saa tatu asubuhi, na hata mtoto wa Longech anajua kwamba asubuhi upepo wa ziwa huvuma kama wazimu, kisha mchana hulala. Napeyok aliwaomba wangoje mpaka saa nane, akawaambia samaki wanachomwa, wakae kivulini wale, na kiongozi wao akamjibu, "Madam, flaiti yetu ya Nairobi ni saa saba, haiwezi kungojea upepo wenu." Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawa waliandika kwamba ndege haifai kuruka, pasipo kuiona ikiruka, wakaamuru ifungiwe katika bohari lao hapa Lodwar, na kwa karibu miaka miwili marehemu alibisha hodi kwenye milango yao akiambiwa aje kesho.

Ijumaa Kuu, tarehe 18 Aprili 2025, akiwa Longech na wanawe, alishikwa na maumivu ya tumbo, muuguzi wa zahanati akatambua ni kidole tumbo kinachotaka kupasuka, na gari lililombeba alfajiri ya Jumamosi lilikwama kwenye lagga, korongo la mto wa msimu, iliyofurika njia ya Lodwar. Mpwa wake Ashley, rubani mwenye leseni, aliyefunzwa na marehemu mwenyewe kuirusha ndege ile, alikuwa mlangoni mwa bohari tangu asubuhi akimpigia simu mwenye ufunguo, naye alimjibu kwamba ni Pasaka, aandike barua pepe, itasomwa Jumanne. Dada yetu alifariki Jumamosi saa nane mchana, ndani ya gari, na wavuvi wanatuambia saa hiyo ziwa lilikuwa limetulia kabisa.

Tunamshukuru muuguzi wa Longech, madaktari wa Lodwar waliokuwa wameandaa chumba cha upasuaji, dereva aliyeingia majini mpaka kifuani kutafuta pa kupita, Jama, walimu wenzake, na majirani wa Kakuma, wa mjini na wa kambini, maana kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Wageni wa hema la mbele, ninyi wa ile ofisi, tumeelezwa kwamba mmekuja na shada la maua, na kwamba mnataka ndege iwekwe juu ya nguzo mjini, ipakwe rangi, iandikwe jina lake. Familia imekataa, kwa sababu Longech bado kuna wanawake wajawazito. Tena mnajua desturi, kabla ya udongo kumwagwa husimama mtu akauliza ni nani aliye na kitu cha marehemu, na mwenye nacho hukitaja asione haya. Basi Asekon anauliza. Kitu chake kilicho kwenu ni ndege moja, bohari liko hapo nyuma ya soko, pikipiki ya kuufuata ufunguo tumeshaiwasha, na Ashley ameketi karibu na jeneza.

Napeyok, dada yetu, lala, umechoka. Hatutakushusha kaburini mpaka ufunguo ufike.