Madame Kapinga wa Ukoo wa Mvua

Baba padri, wafiwa, majirani wa mtaa wa Bel-Air, walimu, na ninyi wanafunzi wa zamani mliofika na watoto wenu mgongoni, tunawaomba masikio yenu kidogo, tuwasomee njia aliyopita Mama Simone Kapinga tangu alipozaliwa mpaka hapa alipolala mbele yetu. Historia hii ingesomwa na mtoto wake David, yule aliyekaa pale mbele kwa shati jeupe, aliyefika juzi kwa ndege kutoka Mbuji-Mayi, lakini yeye mwenyewe alisema kwamba mama yake alimjua kwa simu zaidi kuliko kwa macho, akaomba isomwe na Mama Ngosa, mwenye parcelle, yaani kiwanja na nyumba alimoishi marehemu, na Mama Ngosa ndiye huyu anayewasomea. Si ndugu yake wa damu, ni munungwe wake, na kwa wageni wasiojua neno hili tuseme kwamba banungwe ni watu wa koo mbili zinazotaniana maisha yote na kuzikana wakifa, na munungwe akifika kwenye kilio ana ruhusa ya kumtania hata maiti, kwa hiyo mkisikia mzaha katikati ya huzuni msikunje uso, ni mila, na marehemu mwenyewe angenuna ukikosekana.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1953 katika mji wa Jadotville, ndio Likasi ya leo, huku Katanga, mtoto wa baba Kabeya, aliyetoka Gandajika kule Kasai akiwa kijana kuja kufanya kazi ya mgodi, na wa mama Kanku, ambao kati ya watoto wao wote ni yeye peke yake aliyekua mpaka utu uzima. Kasai aliijua kwa hadithi za baba yake na kwa lugha ya jikoni, lakini vumbi alilochezea lilikuwa la Likasi, na kaburi la baba yake, aliyefariki mwaka 1980, liko Likasi.

Alianza shule ya msingi kwa masista mwaka 1959, akaendelea na shule ya ualimu, akapata diploma yake ya D4, ya miaka minne ya ualimu, tarehe 2 Julai 1971, na Septemba ya mwaka ule ule akapewa darasa la pili, watoto wa miaka saba, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Simone isipokuwa mume wake, wengine wote wakamwita Madame Kapinga. Alikuwa na mwandiko mzuri kupita kiasi, na alijua kwamba ni mzuri, wala hakutuacha tusahau, hata chumvi alipoiandikia jina kwenye kopo utafikiri anaandika mwaliko wa harusi.

Alifunga ndoa tarehe 26 Juni 1976, kanisani Likasi, na bwana Stanislas Mutombo, fundi wa umeme, mwanaume mpole, mwembamba, ambaye kwa maneno ya marehemu alikuwa hajui kucheza muziki lakini alicheza hata hivyo. Mungu akawachelewesha kupata watoto, maneno ya watu yakawa mengi, mpaka David alipozaliwa tarehe 11 Februari 1984, kisha kimya tena, na tarehe 2 Mei 1989, wakati mama alikuwa ameshagawa nguo za mtoto kwa majirani, akazaliwa msichana, wakamwita Exaucée, yaani aliyeombwa na kusikilizwa.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wetu tunatazama chini, na anayetaka atazame chini, lakini tutapasoma. Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai waliambiwa kwamba Katanga si kwao, wakatolewa kwenye nyumba zao, na katika hao walikuwamo waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, na Madame Kapinga, aliyefundisha watoto wa kila kabila kuandika majina yao, alikuwa mmoja wao. Tangu Septemba ya mwaka ule yeye, Stanislas, watoto wawili na mama Kanku walilala kwenye gare, yaani stesheni ya Likasi, pamoja na watu wengi mno, chini ya mahema ya plastiki, wakingojea treni ya kwenda Kasai, na kila treni ilipofika ilijaa kabla hawajainua mizigo. Tarehe 20 Machi 1993 ikafika treni ambayo Stanislas alipata nafasi ndani yake, lakini siku hiyo mama Kanku alikuwa hawezi hata kuketi, na mke na mume wakakata shauri wakiwa wamesimama, baba atangulie na watoto, mama abaki na bibi, atafuata na treni nyingine. Exaucée alikuwa na homa kidogo, akafungwa kwenye kitenge cha mama yake chenye maua ya manjano, na mama akaahidi kwamba atakuja kukichukua kitenge chake.

Mama Kanku alifariki tarehe 3 Aprili, akazikwa Likasi kando ya mume wake. Madame akabaki kungoja treni yake. Kabla treni haijafika, ikafika habari, mwezi wa Juni, kwa mdomo wa mfanyabiashara mmoja aliyetumwa na Stanislas, kwamba Exaucée alishikwa na surua ndani ya behewa, akakata roho njiani mwishoni mwa Machi, na treni iliposimama kidogo mahali fulani penye nyumba chache, Stanislas akashuka na mtoto mikononi, akamkuta mwanamke mmoja anatoka shambani, na wakati huo huo treni ikapiga filimbi, na David bado yumo ndani, peke yake. Yule mwanamke akaweka jembe lake chini, akanyoosha mikono, akasema, "Wende, baba, treni itakuacha, mutoto miye nitamulalisha." Stanislas akampa, akakimbia, akarukia behewa, na hakuuliza jina la mwanamke wala jina la mahali. Hayo tu ndiyo aliyoyajua, na hayo tu ndiyo aliyoweza kumtumia mke wake.

Watu wengi walimwuliza marehemu, na David mwenyewe alimwuliza kwenye simu akiwa kijana, kwa nini hakupanda treni iliyofuata akawakuta mume na mtoto waliobaki. Tulijibu kwa ajili yake miaka mingi, leo tutajibu mara ya mwisho. Hakuweza, kwa sababu hakujua ni wapi kando ya reli hiyo mtoto wake amelala, na kila alipofikiria safari alijiona amekaa dirishani, treni inampitisha karibu na mtoto wake, na yeye hajui, labda anakula ndizi. Akangojea moyo utulie, moyo haukutulia, mwaka 1997 Stanislas akamwandikia kwamba ameoa mwanamke mwingine wa kumlelea David, naye akajibu kwamba amefanya vizuri, na akamaanisha hivyo, kisha kwa wiki nzima hakutia kitu mdomoni. Stanislas alifariki Mbuji-Mayi tarehe 9 Agosti 2011. Mjane wake wa kwanza alimlilia huku, kwenye chumba chake, na sisi tukakaa naye.

Huku Lubumbashi alifika tarehe 17 Novemba 1993, juu ya lori la makala, yaani makaa ya kupikia, maana Likasi hakuwa tena na pa kukaa, akashushwa Bel-Air katikati ya mvua kubwa, akasimama chini ya kibaraza cha Mama Ngosa, mweusi wa makala mpaka masikioni, na maneno yake ya kwanza hayakuwa kuomba chakula wala maji, aliomba radhi kwa kuchafua ukuta. Mama Ngosa, mtu wa Sakania, wa ukoo wa uyoga, alimpa chumba kidogo cha nyuma. Siku zile kumweka Mukasai ndani ya parcelle yako halikuwa jambo la mchezo, wakaja vijana wa mtaa kuuliza huyu ni nani, na Mama Ngosa, ambaye ulimi wake mnaujua, akawaambia, "Huyu ni munungwe wangu, ni muntu wa ukoo wa mvula, mwenye atamugusa tutaonana naye." Uongo mtupu! Kasai hawana ukoo huo. Lakini uyoga na mvua ni banungwe tangu zamani, na hakuna mtoto wa huku asiyejua kwamba munungwe hafukuzwi, kwa sababu ndiye atakayekuzika, na vijana wale wakaondoka. Mwanzo ulikuwa ni uongo wa kumwokoa mtu, lakini tumeuishi mpaka ukawa kweli, na leo tuko hapa kuutimiza.

Mwezi wa Septemba 1995 alipata tena darasa la pili, katika shule ya parokia, akafundisha hapo mpaka alipostaafu mwaka 2016, na ninyi mliopita mikononi mwake mnakumbuka kwamba treni ikipiga filimbi kule mjini Madame alisimamisha chaki katikati ya neno, ninyi nanyi mkanyamaza bila kuambiwa, mpaka sauti ikaisha, ndipo akamaliza neno. Mlidhani ni kanuni ya shule.

Bukari yake, yaani ugali wake, tuseme ukweli wote mbele ya Mungu, ilikuwa mbaya. Alitia muhogo mwingi, ikavutika kama gundi, na alipoambiwa alijibu kwamba watu wa uyoga hawawezi kusema kitu, wao hulala usingizi ardhini mwaka mzima wakingojea wenzao wawanyeshee ndipo waonekane. Mwaka 2001 mama mzazi wa Mama Ngosa alipofariki kule Sakania, Madame akapanda gari kwenda kufanya kazi ya munungwe, ambaye kazi yake ni kuwachekesha wafiwa wasizame, na sisi tulikuwa na wasiwasi, maana mwalimu na mzaha ni mbali na mbali. Akaingia na miwani yake, akasimama mbele ya maiti, akagonga sanduku kwa kidole kama anagonga dawati, akasema kwa sauti ya darasani, "Amuka, mama, umechelewa, wenzako wote wamekwisha kuingia." Kilio kizima kilicheka mpaka machozi yakabadilika ladha.

Lakini siku moja katika mwaka hakutania wala kutaniwa, nayo ni tarehe 20 Machi, siku ile treni ilipoondoka na Exaucée. Kuanzia mwaka 1994, kila tarehe hiyo alivaa nguo ya kanisani, akachukua jembe lililokaa nyuma ya mlango wake, akaenda makaburini peke yake, akatafuta kaburi la mtoto ambalo halina mtu, limezama, limeota nyasi, akalilima, akalirudishia udongo, akakaa karibu nalo mpaka saa za mchana, akarudi. Kila mwaka kaburi lingine. Mlinzi alimshuku uchawi, majirani wakanong'ona, yeye hakujieleza. Mama Ngosa, ambaye hajui kunyamaza, alimwuliza mara moja, vipi anamlipa yule mwanamke wa njiani kwa kulima makaburi ya watoto wa watu, anajuaje kwamba alimzika Exaucée kweli, hakumweka tu kando ya reli akaenda zake? Swali hilo lilimwumiza, tuliona, na Jumapili tukitoka misa akajibu, "Kwa sababu hata miye ningemuzika." Hakuwa na ushahidi mwingine, na juu ya huo mmoja alisimama miaka yote iliyobaki, peke yake, kwa sababu hilo lilikuwa jambo ambalo hata munungwe hakuweza kumbebea.

Ugonjwa wa sukari ulionekana mwaka 2014, ukala macho kidogo, kisha figo, mwaka jana alikwenda makaburini kwa fimbo na jembe akalima akiwa amekaa, na mwezi wa Januari mwaka huu akalazwa hospitalini hapa mjini, ambapo alifariki Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mtoto mmoja, David, mke wa David, Michelle, na wajukuu watatu aliowajua kwa sauti, ambao kila mmoja alimfundisha alfabeti kwenye simu.

Tunafika kwenye shukrani, na hapa marehemu aliacha agizo akiwa kitandani, kwamba daktari asitangulie. Daktari atusamehe. Tunamshukuru kwanza mwanamke mmoja ambaye hatujui jina lake wala kijiji chake, aliyekuwa anatoka shambani mwishoni mwa Machi 1993, akaweka jembe chini, akapokea mtoto wa mgeni. Ninyi mliofika hapa, kama kuna mwenye mama, bibi au shangazi kule njiani, na amewahi kumsikia akisimulia habari ya mtoto wa treni mwenye kitenge cha maua ya manjano, tafadhali amwambie kwamba mama wa mtoto alishukuru, alishukuru kila mwaka, hakuacha. Kisha tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana mwalimu mgonjwa husahihisha kila kitu, tunawashukuru majirani wa Bel-Air walioleta maji, makala na viti, walimu wenzake, baba padri, na wewe David, kwa kuja, na kwa kulia bila kujificha.

Mama Kapinga, muntu wa mvua, kazi ya munungwe ni kuchekesha watu na Mama Ngosa ameshindwa, ngoja ajaribu mara moja kama ulivyotuonyesha Sakania. Amuka, Madame, kesho ni tarehe ishirini, utachelewa.

Hapana. Usiamke. Lala, jembe tumelitoa nyuma ya mlango, David amelishika asubuhi hii akauliza ni la nini, tukamwambia, na kesho tutakwenda naye kutafuta kaburi lenye nyasi. Mwanamke wa njiani alimlalisha mutoto wa watu, leo watu wengine wanamlalisha mama yake. Mpumzike huko wote wawili, wewe na Exaucée, kwa amani, na kitenge chako ukichukue.