Mlango Ambao Bi Ismay Hakuuvunja

Ndiyo, ni kweli anaondoka, acheni kuniuliza kila nikisimamisha gari! Bi Ismay Rogers, mwanasheria wetu wa maombi ya nje, anastaafu Ijumaa tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na moja. Mimi ni Alford, dereva wake na muuza mikate ya kukaanga hapo koridoni (bado ipo, ya moto). Nimepewa ukurasa huu wa kumuaga kwa sababu wasomi wote wa ofisi wanalia.

Nchi kubwa zikituandikia tuzisaidie kuwanasa wahalifu wao, Bi Ismay ndiye anayesema sheria ya kisiwa chetu inafika wapi. Haifiki mbali.

Mnakumbuka mwaka juzi, Jumatatu ya mashindano ya mashua? Wapelelezi wawili wa ng'ambo walitua jasho likiwatoka. Walimtaka Kessel, yule tajiri wa kilimani aliyekula akiba za wazee. Boti yake ya kifahari ilishajazwa mafuta.

"Mama, vunja mlango, chukua kompyuta zake!"

"Mmeshamshtaki kwenu?"

"Bado. Tunataka ushahidi kwanza."

"Basi sina nguvu hiyo. Mshtakini, mniletee hati, jaji asaini kibali. Kabla ya hapo hata kitasa sigusi."

"Atatoroka! Unamlinda mwizi!"

Iliuma, jamani, maana shangazi wa Bi Ismay mwenyewe aliliwa akiba na Kessel huyohuyo. Nikamnong'oneza, "Bosi, funga jicho moja tu, nyundo ninayo garini." Akanitazama mpaka nikatamani kujipiga nayo.

"Alford, leo tukivunja kwa Kessel bila sheria, kesho watavunja kwako."

Wapelelezi wakakimbilia simu. Kwao haikuwa sikukuu kama kwetu, ofisi za mashtaka zilikuwa wazi. Mimi nikaenda majini, mashindano hayamsubiri dereva. Kessel naye akapanda boti. Lakini siku hiyo, kwetu, hakuna anayewasha injini bandarini mpaka tanga la mwisho lifike, na nahodha wake ni mzawa. Aligoma katakata.

Mashua ya mwisho, kama kila mwaka, yangu.

"Harakisha, kobe wewe!" Kessel akafoka.

"Tajiri, nunua upepo basi!"

Bi Ismay alisimama ufukweni, mikono kaikunja. Hakunipungia hata kidole.

Nilipogusa mchanga, mashtaka yalishafika. Jaji alishuka jukwaa la waamuzi, akasaini kibali juu ya mgongo wa mpelelezi. Mawakili wa Kessel walitafuta tundu kwenye kesi ile, hawakuliona. Shangazi alirudishiwa chake.

Bosi, asante. Kapumzike, ule supu ya mbuzi bila simu kulia.

Sasa wewe unayesoma, tufanye biashara. Agosti ijayo Bi Ismay anapanda mashua yangu. Wewe leta kitambaa cha tanga jipya, mimi nampa usukani. Tukishinda, kikombe chako. Tukiwa wa mwisho, nawe ukiwa na haraka ya kuondoka bandarini, usinitukane: mueleze yeye.