Mtego wa Sita wa Profesa Daraux

Wasikilizaji wapendwa, juma hili bonde letu la Aulignac limemzika Profesa Évariste Daraux, mtaalamu wa wanyama na wadudu, aliyeaga dunia akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Leo hatutataja nishani zake. Tutasimulia kosa lake, kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza hivyo.

Profesa alitafiti mbawakawa wa mapangoni. Mmoja alimgundua yeye: kipofu, rangi ya asali, mdogo kama punje ya mchele. Mdudu huyo hajapata kuonekana popote duniani ila katika pango la Estrémal, juu ya kijiji chetu. Katika pango hilo moja tu.

Kazi ile ina sheria zake. Unafukia kikopo ardhini hadi mdomoni, unatia jibini lililovunda na bia kidogo ili wadudu wavutwe na kutumbukia, na unaandika daftarini papo hapo. Baada ya siku tatu unakitoa. Vuli moja, Profesa alikuwa na haraka ya kuwahi mkutano mjini Toulouse. Alitega mitego sita. Akaandika mitano. Aliporudi, akang'oa mitano.

Theluji ilipoyeyuka, aliukuta wa sita. Ulikuwa umejaa mbawakawa wake, zaidi ya mia mbili, wote wamekufa.

"Alirudi uso umesawijika," anasema mjane wake, Bibi Léontine. "Nikamwambia, 'Mume wangu, wadudu ni wadudu, watazaana.' Akaniuliza, 'Na kama hao ndio waliokuwa wote?'"

Wenzake walimsihi anyamaze. "Pango halina shahidi," walimwambia. Akajibu, "Shahidi ni mimi, nami sijafa." Akalichapisha kosa lake, kwa jina lake.

Kisha akaanza kumngoja mdudu wake aonekane tena. Kila Aprili, kwa miaka kumi na mmoja, aliingia Estrémal bila mtego, akiwa na taa hafifu tu, akitazama kuta. Hakuona kitu. Fulcran, muuza nyama wetu, alimtania: "Vipi Profesa, bibi harusi bado amenuna?" Profesa alicheka kwa adabu, akasahau kuchukua nyama aliyokwisha kuilipia.

"Sikuwa nikimuuliza," anasema Bibi Léontine. "Nilitazama mabega yake tu. Kila mwaka yalishuka zaidi."

Aprili hii magoti yalimgomea. Aliyekwenda ni Magali Estaque, mwanafunzi wake wa zamani. Alirudi jikoni kwa Profesa akiwa na tope hadi nyusi.

"Nimemwona, Profesa. Mmoja. Yu hai."

Mzee hakufurahi. Alianza kumtahini.

"Chini au ukutani?"

"Ukutani, penye maji membamba."

"Vipapasio?"

"Virefu kuliko mwili."

"Umemchukua?"

"Ulikataza."

"Picha?"

"Nilipiga. Nimepata ukungu mtupu."

Profesa alimkazia macho. "Magali, umemwona, au unanihurumia?"

"Huruma? Wewe ungenipa sifuri kati ya ishirini!"

Bibi Léontine anasema mzee alilivuta daftari lake. Akaomba kalamu. Mtu huyu, ambaye maishani mwake hakuandika mdudu ambaye hakumshika mwenyewe mkononi, aliandika: "Ameonekana mmoja. Shahidi: M. Estaque." Kisha akaomba aongezewe supu ya kabichi. Alifariki baada ya wiki tatu.

Wasikilizaji wapendwa, tangu hapo hakuna mwingine aliyemwona mdudu yule. Hatujui kama wako wengi, au ni yule mmoja tu. Kwa Bibi Léontine na jamaa wote wa Daraux, bonde zima linaomboleza pamoja nanyi. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize bila kujionea haya: siku tutakapoleta habari isiyo na ushahidi mwingine ila neno letu, ni nani atakayeshika kalamu na kuiandika?